Ukurutu unatulia halafu unarudi palepale: mwarobaini na manjano vinaponya au vinatuliza tu?

#1 Kiwiko
Habari wakuu. Naomba tujadili hili kwa wenye uzoefu maana nimechoka. Nina ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti tangu utotoni, unaondoka nakaa nasahau kabisa, halafu siku unaamka. Ukiamka ni kujikuna usiku kucha mpaka shuka linapata madoa ya damu. Krimu ya steroidi ninayo, nikipaka unatulia, nikiacha unarudi palepale, hausogei hata kidogo.
Sasa nimeanza kusoma mambo ya Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, wao wanasema ugonjwa wa ngozi hautibiwi kwenye ngozi, unatibiwa ndani, kwenye damu na mmeng'enyo, na hizi krimu ni kufunga mlango huku moto unawaka chumbani. Mimi naanza kuwaamini, maana kama krimu ingekuwa inatibu si ungeshaisha?
Swali langu: kuna mtu humu ametumia mwarobaini, manjano, alovera, mafuta ya nazi na vinginevyo, iwe kwa ukurutu, chunusi, fangasi au chochote cha ngozi, kikaisha MOJA KWA MOJA? Au ndo yaleyale ya kutulia?

#2 Mwarobaini40
Umefika penyewe mkuu. Chuma majani mabichi ya mwarobaini konzi mbili, chemsha mpaka maji yawe kijani cha kukolea na ile harufu chungu ijae ndani, epua, acha yapoe, chuja, ogea na usisuuze. Nyumbani kwetu tuliwahi kuwashwa familia nzima, vipele katikati ya vidole, kiunoni, kwapani, usiku ndo balaa. Tukatwanga majani na manjano mabichi tukapaka mwili mzima, wakubwa kwa watoto, kikaisha na hakijarudi mpaka leo. Kwa hiyo moja kwa moja inawezekana.

#3 Mfamasia_K
Mwarobaini40, familia nzima, katikati ya vidole, kiunoni, usiku zaidi... hapo ulikuwa unaeleza upele wenyewe, ule wa kidudu kinachochimba vijishimo kwenye ngozi na kutaga mayai humo. Kidudu kikifa umepona, hakuna cha kurudi labda uambukizwe upya. Na dawa yenu si ya kudharau, kuna utafiti ulifanyika India ukachapishwa 1992, watu 814 wenye upele walipakwa mchanganyiko huohuo wa mwarobaini na manjano, wakaripoti 97% wamepona ndani ya siku 3 hadi 15. Ila haukuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo kwa hiyo usiubebe kama hukumu ya mwisho.
Kiwiko yeye ana ukurutu. Kwenye ukurutu hakuna kidudu cha kuua. Dawa iliyomaliza upele haiwi ushahidi kwamba itamaliza ukurutu hata kama vyote vinawasha.

#4 Chonjo
Nimevuta kiti, uzi huu nausubiria siku nyingi

#5 Tridosha
Salaam wote. Kiwiko naomba nikuelezee kidogo huo upande wa Ayurveda maana watu wanauchukua nusunusu. Ayurveda haisemi "damu chafu" basi. Inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na magonjwa ya ngozi yanawekwa kwenye kundi moja kubwa linaloitwa kushtha, lina aina 18, saba kubwa na kumi na moja ndogo. Ngozi kavu inayopasuka na kukwaruza, hapo vata imetawala. Nyekundu, ya moto, inayochonyota, ni pitta. Inayotoa maji, nzito, yenye kuwasha taratibu, ni kapha. Kwa hiyo watu wawili wenye "ukurutu" wanaweza kupewa dawa mbili tofauti kabisa, ndo maana kumwambia kila mtu "paka mwarobaini" sio Ayurveda, ni kubahatisha. Mwarobaini ni mchungu na unakausha, unashusha pitta na kapha. Mtu mwenye ngozi kavu ya vata ukimwogesha maji ya mwarobaini kila siku unamuongezea tatizo.

#6 Mwarobaini40
Kwani ukaukaji unatibiwa na nini, si unapaka mafuta baada ya kuoga? Tusikuze mambo.

#7 Tridosha
Mafuta gani sasa? Hapo ndo kuna kazi. Ufuta ni wa moto, unamfaa wa vata. Nazi ni ya baridi, inamfaa wa pitta.

#8 Chonjo
Tridosha mkuu, mimi hapa sijui kama ni vata au ni pitta, nikijipima mwenyewe nikajikuta kapha si nitaogopa kulala 😂

#9 MamaPacha
Mimi nina wawili na wote walikuwa na pumu ya ngozi, ndo ukurutu huohuo, tangu wananyonya, kwa hiyo nitasema la kwangu. Mafuta ya nazi yale ya baridi yasiyopikwa yalisaidia mno lakini siri haikuwa mafuta, siri ilikuwa MUDA. Unamtoa mtoto kwenye maji, unamgusisha taulo tu bila kusugua, ngozi ikiwa bado ina unyevu unapaka papo hapo, kabla hata hajavaa. Ukisubiri ikauke ndo upake unapaka juu ya jangwa. Na wakati ule wa kuwaka sana nilikuwa nampaka halafu namvalisha fulana ya pamba niliyoloweka maji ya uvuguvugu nikaikamua vizuri, juu yake kavu, analala hivyo. Kuwasha kunashuka usiku huohuo. Hii ya nguo mbichi nilifundishwa na daktari wa ngozi sio mtandaoni, na alinisisitizia nisiifanye kama kuna vidonda vinavyotoa usaha.
Waliisha? Mmoja aliisha alipokua. Mwingine bado unakuja na kuondoka. Mafuta yaleyale, mama yuleyule.

#10 Mfamasia_K
MamaPacha hiyo ya mwisho ndo inayofundisha kuliko zote. Wengi wanakua nao unaondoka wenyewe, na dawa iliyokuwa mkononi siku hiyo ndo inapewa sifa.
Kuhusu nazi, imejaribiwa kweli, kwa watu wazima na kwa watoto, inalainisha na inapunguza wale bakteria wa stafilokokasi wanaojazana kwenye ngozi ya mwenye ukurutu. Ila sio kila mafuta ni sawa. Mafuta ya zeituni watu wanayasifia sana, kumbe walipojaribu kwenye ngozi za watu wazima huko Uingereza, matokeo yakatoka 2013, zeituni ililegeza ule ukuta wa juu wa ngozi na kuleta wekundu, alizeti haikufanya hivyo. Inategemea aina ya asidi za mafuta zilizomo, zeituni ina asidi ya oleiki nyingi.
Na hapo ndo ninapotofautiana na Tridosha. Mimi naona ukurutu ni ukuta wa ngozi wenye nyufa. Kuna protini ya ngozi inaitwa filagrini, 2006 waligundua kwamba wenye hitilafu kwenye jeni yake wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata ukurutu. Maji yanatoka, vichokozi vinaingia, kinga inawaka. Kiwiko, kutibika kwako ni kuziba nyufa kila siku, hata siku unazojiona mzima.

#11 Tridosha
Na Ayurveda inasema hivyohivyo kwa lugha nyingine, ndo maana kujipaka mafuta ni sehemu ya kila siku sio dawa ya ugonjwa. Hatupingani.

#12 Mfamasia_K
Tunapingana kwenye damu na kusafisha tumbo 🙂

#13 Mkimya
Sijawahi kuandika humu ila hili limenigusa. Alovera. Rafiki yangu alikata jani akasugua moja kwa moja usoni, usiku uso ukawaka mwekundu ukavimba. Watu wanasema alovera haina madhara. Naomba mjue kwamba ukikata jani kuna utomvu wa njano unatoka katikati ya ganda na ile nyama ya ndani, huo ndo mkali, unawasha ngozi na ukimezwa unaharisha vibaya. Unasimamisha jani wima kwenye bakuli uchuruzike wote, unamenya ganda, unaosha ile nyama nyeupe kwa maji mpaka utelezi wa njano uishe, ndo unapaka. Na mara ya kwanza unapaka sehemu ndogo upande wa ndani wa mkono, unaangalia kwa siku mbili tatu. Sio uso kwanza.

#14 Nyuki Jike
Asante Mkimya, usiwe mkimya tena. Kwangu mimi ni mba wa kichwani ule unaotoka magamba ya mafuta, unashuka mpaka kwenye nyusi na pembeni ya pua. Asali mbichi nilichanganya na maji ya vuguvugu kidogo tu, nasugua taratibu dakika chache, naiacha masaa kadhaa nimefunga kichwa halafu naosha. Inanata, ni kero, lakini kuwasha kulikata na magamba yakaondoka. Nikiacha muda mrefu yanarudi, nikifanya mara moja kwa wiki yanakaa mbali. Nilianza baada ya mafuta ya nazi kunishinda, nilikuwa najaza kichwa nazi kila siku magamba ndo yanazidi.

#15 Chonjo
Ngoja ngoja. MamaPacha nazi imemsaidia, Nyuki Jike nazi imemzidishia. Sasa tuamini lipi?

#16 Mfamasia_K
Yote mawili Chonjo. Ule mba wa Nyuki Jike unahusiana na fangasi anaitwa malasezia, anaishi kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chake ni mafuta ya ngozi. Ukimwaga mafuta kila siku unaweza kuwa unamlisha. Ngozi kavu ya mikunjo ya mtoto ni habari nyingine. Na asali kwa aina hiyo ya mba iliwahi kujaribiwa, 2001, wagonjwa 30, wakaona kama ulivyoona wewe, unarudi kwa walioacha na haukurudi kwa walioendelea mara moja kwa wiki. Utafiti mdogo lakini unafanana na wako kabisa.

#17 Nyuki Jike
Aisee. Sikujua kama kuna mtu kaipima. Asante mkuu.

#18 BintiAmani
Kwenye chunusi nani yuko na mimi? Uso wangu umepitia kila kitu. Ndimu nawaomba msipake jamani, nawaomba sana. Mdogo wangu alipaka maji ya ndimu akatoka juani, ngozi ikachomeka ikatoka malengelenge, yakaacha michirizi ya kahawia ambayo ilichukua miezi mingi kufifia. Kumbe ndimu ina kemikali zinazochoma ngozi zikikutana na jua. Magadi ya kuokea nayo msipake, ngozi inapenda uasidi kidogo, pH kama 5 hivi, magadi yako juu ya 8, unajivua ulinzi.
Kilichonisaidia ni mafuta ya mti wa chai yaliyozimuliwa, sio yale ya chupa moja kwa moja, hayo yanaunguza. Ni taratibu mno, usitegemee wiki moja.

#19 Mfamasia_K
Sahihi kabisa. Australia 1990 walilinganisha jeli ya mti wa chai ya 5% na losheni ya benzoili peroksidi ya 5%, dawa ya kawaida ya chunusi, kwa wagonjwa 124, zote zilipunguza chunusi, ya mti wa chai ilichelewa lakini madhara yake yalikuwa machache zaidi.

#20 Mwarobaini40
Chunusi ni homoni na mafuta mengi ya ndani, unaweza kupaka mpaka kesho. Acha sukari uone.

#21 BintiAmani
Sukari nilipunguza na ilisaidia kiasi, lakini dada yangu anakula sukari kuliko mimi na uso wake kama kioo. Nifafanulie hapo.

#22 Tridosha
Kwa chunusi za ujana Ayurveda ina mchanganyiko wa kale wa kupaka, unga wa magome ya lodhra, mbegu za giligilani na mzizi wa vacha. Na kwa ngozi iliyowaka kama ya Kiwiko kuna kitu kizuri sana ambacho watu hawakijui, samli iliyooshwa mara mia. Unachukua samli safi unaiweka kwenye sahani ya shaba, unamwagia maji ya baridi, unaisugua kwa kiganja kwa kuzungusha, inaanza kuwa nzito, maji yanachafuka, unamwaga, unaweka mengine. Unarudia hadi mara mia. Rangi ya njano inapotea, harufu ya samli inapotea, unabaki na krimu nyeupe laini inayopoza ukipaka. Hakuna kemikali ya kuongezwa hata moja. Kazi yake inaumiza mkono lakini ukiipaka kwenye ngozi inayowaka moto utaelewa kwa nini watu waliitunza karne na karne.

#23 MamaPacha
Tridosha hii nimeipenda mno. Mara mia kweli?

#24 Tridosha
Mara mia mama. Wenye haraka wanatumia mashine ya kuchapia, inatoka karibu sawa.

#25 Fundi_Rangi
Wakuu nasoma kila mtu anataja ukurutu, mimi niliambiwa ukurutu pia. Alama za duara kwenye paja. Nikapewa mahali fulani krimu ya mchanganyiko, ile yenye steroidi na dawa ya fangasi na ya bakteria humohumo. Siku za mwanzo raha, kuwasha hakuna. Halafu ikasambaa mpaka tumboni na umbo likabadilika, haikuwa duara tena, ilikuwa ramani. Daktari wa ngozi akakwangua magamba pembeni akatazama kwenye hadubini: fangasi. Kwa hiyo Kiwiko kabla ya mwarobaini wala krimu, umehakikisha ni ukurutu? Angalia, choa ina ukingo ulioinuka wenye magamba na katikati pamepona. Ukurutu hauna ukingo wa hivyo, unafifia tu pembeni.

#26 Mfamasia_K
Fundi_Rangi umeokoa watu leo. Steroidi inazima kinga ya pale, fangasi anatanuka kwa starehe na sura ya ugonjwa inapotea hata daktari anachanganyikiwa. India ndo wanaumia sana na hili, choa sugu zimetapakaa na madaktari wa ngozi wengi wanazihusisha na hizo krimu za mchanganyiko kuuzwa holela, na kuna aina ya fangasi ambaye 2020 alipewa jina la Trichophyton indotineae, mara nyingi hasikii terbinafini, dawa ya kawaida ya fangasi. Inasikitisha kwamba nchi ileile yenye mwarobaini ndo imefika huko.

#27 Kiwiko
Nimerudi wakuu, asanteni nimesoma yote. Fundi_Rangi yangu haina ukingo, ni ngozi iliyokuwa nene, ina mistarimistari kama imekunjwa, na ilipimwa zamani nikiwa mdogo. Ila nitaangaliwa tena. Mfamasia_K nikuulize, kama ukuta una nyufa na steroidi inakondesha ngozi, si inazidisha nyufa? Ndo maana naiogopa, napaka kidogo kabisa kama kulamba.

#28 Mfamasia_K
Kuogopa kwako ndo kunakuchelewesha ndugu yangu. Ukipaka kidogokidogo hauzimi, unapunguza tu, na unajikuta unapaka mwezi mzima. Kipimo ni hiki: kamua krimu kwenye kidole cha shahada kuanzia kiungo cha mwisho mpaka nchani, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mkono pamoja na vidole. Paka hivyo kwa siku alizokupangia daktari mpaka ngozi iwe laini, sio mpaka kuwasha kuishe, kuna tofauti. Kwa wale ambao unarudi palepale kama wewe kuna madaktari wanaowapangia kupaka siku mbili kwa wiki mahali pale hata kama pamepona. Muulize wako. Ngozi kukonda kunatokea kweli, kwa zile kali, kwa muda mrefu, usoni na kwenye mikunjo, ndo maana mikunjoni haziwekwi kali bila usimamizi.

#29 Mwarobaini40
Na wale waliopaka miaka wakaacha ngozi ikawaka mwili mzima? Hao mbona huwataji? Wapo, nimewaona kwa macho yangu, mtu anabanduka kama nyoka. Msitufanye tunaoenda kwenye miti tuonekane tumekosa elimu.

#30 Mfamasia_K
Wapo, nakubali, na hawasikilizwi inavyostahili. Sijamwita mtu yeyote humu hana elimu.

#31 Msomaji_Pembeni
Niongeze upande ambao haujaguswa. Majani unayochuma mwenyewe ni kitu kimoja, vidonge vya Ayurveda vya kwenye kopo ni kingine. 2004 watafiti walinunua dawa za Ayurveda 70 zilizokuwa zinauzwa eneo la Boston, Marekani, 14 zikakutwa na madini ya sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki. 2008 wakarudia na 193 za kununuliwa mtandaoni, tena karibu moja katika tano. Kuna tawi la Ayurveda linalotumia madini makusudi, kwa imani kwamba yakichomwa kwa utaratibu wao yanakuwa salama.

#32 Tridosha
Hilo tawi ni rasa shastra na ni kweli lipo. Lakini dawa za majani peke yake zinaweza kuchafuliwa pia kwa udongo au kinu, sio lazima iwe makusudi. Anayetumia adai cheti cha kipimo cha maabara cha bechi hiyohiyo. Mimi mwenyewe vya kumeza simshauri mtu bila tabibu aliyesomea.

#33 Msomaji_Pembeni
Hapo tuko pamoja. Na krimu za "asili tupu" zinazoponya kila kitu kwa siku tatu, hizo ndo za kukimbia. Uingereza 1999 walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina, 8 zilikuwa na deksamethasoni, yaani steroidi, na haikuandikwa popote. Mtu anakimbia steroidi anaipaka ileile bila kujua, tena kwenye uso wa mtoto. Hii inaniuma kuliko yote.

#34 Chonjo
Duh. Kwa hiyo ile "miti ilinisaidia" ya baadhi ya watu ilikuwa...

#35 Msomaji_Pembeni
Ya baadhi. Ya MamaPacha ni nazi tupu, haimo.

#36 Sindano
Nachomekea kidogo nje ya mada, vitiligo, madoa meupe. Kuna mtu alinishauri mbegu za bakuchi. Salama?

#37 Mfamasia_K
Sindano, bakuchi ina saraleni (psoralen), kemikali inayofanya ngozi iungue kirahisi na mwanga, na dawa hiyo ina historia ya kweli. Kule Misri, El Mofty mwishoni mwa miaka ya 1940 aliwatibu wenye madoa meupe kwa kemikali ya kundi hilohilo kutoka kwenye mmea mwingine, na miaka ya 1970 ndo yakaja matibabu ya kidonge pamoja na miale maalum. Lakini utaratibu mzima ni kipimo cha dawa NA kipimo cha mwanga. Ukipaka mafuta ya bakuchi ukatoka juani unakisia vyote viwili, na watu wanaungua mpaka malengelenge. Ikimezwa kuna walioumia ini. Nenda kwa daktari wa ngozi, miale wanaipima kwa mashine.

#38 Sindano
Nimekupata, asante.

#39 Fundi_Rangi
Turudi kwa Kiwiko. Mimi nadhani ni maji na sabuni. Maji ya chumvichumvi yanagoma na sabuni, povu halitoki, ule utando unabaki kwenye ngozi. Badili sabuni, weka chujio la kulainisha maji, imeisha hiyo.

#40 Mfamasia_K
Sabuni ndiyo, tumia isiyo na manukato na isiyokausha. Chujio sina uhakika nalo la kumwambia mtu aingie gharama. Uingereza walifunga mashine za kulainisha maji kwenye nyumba za watoto wenye ukurutu, utafiti wa watoto 336, ukatoka 2011, haikuonekana faida zaidi ya matibabu ya kawaida.

#41 Fundi_Rangi
Hao ni watoto ambao tayari wanao. Kama maji ndo yaliuanzisha je?

#42 BintiAmani
Na mawazo? Hamna aliyetaja mawazo. Uso wangu unajua nina mtihani kabla sijajua mimi. Kiwiko jaribu kukumbuka, unaamka lini?

#43 Kiwiko
BintiAmani umenifanya nikae nifikiri. Mara nyingi ni nikiwa silali vizuri. Ila sijui kama silali kwa sababu nawashwa au nawashwa kwa sababu silali.

#44 Tridosha
Vata hiyo.

#45 Chonjo
Tulijua utasema 😂

#46 Kiwiko
Basi nimeamua hivi. Steroidi nitapaka kwa kipimo cha kidole viwiko vyote viwili mpaka pawe laini. Halafu kiwiko cha kulia naendelea na losheni ya kawaida isiyo na manukato, cha kushoto naendelea na samli ya mara mia ya Tridosha. Muda uleule, ngozi ikiwa na unyevu kama alivyosema MamaPacha. Magoti sigusi na kitu kipya. Nitaleta picha.

#47 Mwarobaini40
Na mwarobaini umeuacha kabisa?

#48 Kiwiko
Kwa ngozi yangu kavu nimeogopa mkuu, sio dharau. Manjano pia nimeiweka pembeni, nguo zangu zote nyeupe za kazini.

#49 Tridosha
Osha kweli mara mia. Ikiwa bado na harufu ya samli usipake. Na kama mwili wako una aleji ya maziwa jaribu kwanza kwenye mkono.

#50 Mama_K2
Samahanini nimechelewa kuingia. Nina mtoto mchanga ana vipele vya joto na bibi yake ameleta mafuta ya mbegu za mwarobaini, anasema nimpake na nimnyweshe matone machache kusafisha damu. Kupaka sawa?

#51 Mfamasia_K
Mama_K2 USIMNYWESHE. Hata tone. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yakimezwa na mtoto mchanga yanaweza kuleta kutapika, degedege, kuvimba ubongo na ini kuharibika, yameripotiwa kwa madaktari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuna waliofariki. Umeshampa?

#52 Mama_K2
Hapana bado, nilitaka niulize kwanza.

#53 Mwarobaini40
Mama_K2 msikilize Mfamasia_K. Mimi ni mtu wa mwarobaini lakini yale ya mbegu hayanywewi na mtoto. Hata kupaka usipake, ni mchanga mno huyo. Chupa iweke juu asiifikie mtu.

#54 Mfamasia_K
Vipele vya joto mpunguzie nguo, mwogeshe maji ya kawaida yasiyo moto, mkaushe kwa kugusisha, mlaze penye hewa. Usimpake mafuta yoyote yale mazito, yanaziba vitundu vya jasho. Kama ana homa au vipele vina usaha mpeleke leo usisubiri kesho.

#55 Mama_K2
Hana homa, ananyonya vizuri. Nimemvua soksi na kofia sasa hivi. Asanteni sana, bibi nitaongea naye.